Kilatini cha Kifundo cha Mguu

Daktari Nsereko aliandika neno moja
kwenye faili la mama, hospitali ya Kiryandongo,
akalipigia mstari, akaenda kunywa chai.
Tumid.
Herufi tano. Nikalitazama
kama noti ya nchi ya mbali:
ni pesa, naona, lakini inanunua nini?

"Ameandikaje?" mama akauliza.
Nikamsomea kwa mdomo wetu: Tumidi.
"Basi alitaka kuandika tumaini," akasema,
"wino ukamwishia."

Jioni, Kigumba, nyuma ya maghala ya mahindi,
nikamkuta Ocaya, fundi wa redio,
aliyevaa kanzu ya seminari miaka mitatu
mpaka walipomfuma akisikiliza mpira
saa ya sala, redio chini ya mto wa kulalia.
Akaweka chini chuma cha kulehemu.
"Tumeo," akasema, "tumes, tumet.
Navimba. Wavimba. Avimba."
Moshi wa risasi ukampanda puani kama ubani.
"Ndipo wakapata tumidus, kilichovimba:
bahari yenye mawimbi, jipu,
mtu aliyejaa hasira, mtu aliyejaa nafsi yake.
Na tumulus, udongo uliorundikwa juu ya maiti.
Na tumor,
ambalo madaktari hulitamka wakitazama dirishani."

Hilo la mwisho sikumwomba.

"Waingereza," akaendelea, maana alikuwa amepata darasa,
"hulitumia pia kwa maneno.
Hotuba yenye hewa nyingi kuliko nyama."
Nikamkumbuka mheshimiwa aliyekuja mwaka ule
Mto Kafu ulipofura ukala kingo za barabara:
saa mbili kwenye kipaza sauti, akiahidi daraja,
na maji nyuma yake yakipanda kimya kimya
hadi kwenye magurudumu ya gari lake.

Nikarudi nyumbani nikihesabu ya kwetu.
Mto hufura. Unga wa mandazi huumuka
chini ya kitambaa, bila kumwomba mtu ruhusa.
Shavu la mtoto aliyenuna hutuna.
Kichwa huvimba, na hakuna kidonge.
Halafu, sikiliza:
tumbo.
Tumba, ua likiwa bado limefunga ngumi.
Tumbua, kazi ya sindano na jipu.
Tutumka, mbegu ikiinua udongo kwa kisogo.
Tum, na tum,
kama watu wawili wanaogonga mlango mmoja,
huyu ndani, huyu nje.

Kesho yake nikampelekea Ocaya hazina yangu.
"Si ndugu," akasema, hata kichwa hakuinua.
"Wamefanana sura tu,
kama wewe na yule muuza sabuni wa Bweyale."
Sawa. Lakini sema tum mwenyewe:
midomo inafumba, pumzi inakosa njia,
na kwa nusu ya nukta
mdomo wako nao umevimba.

Usiku nambonyeza mama kifundo kwa dole gumba.
Ngozi inang'aa kama ganda la biringanya.
Kinabaki kishimo, nami nahesabu
mpaka nyama irudi mahali pake.
Jumatatu nilifika thelathini.
Leo kumi na tisa.
"Na hicho Kilatini chenu," anauliza, macho darini,
"kina neno la mguu unaonywea?"

Nilikwisha kumwuliza Ocaya.
Alisema lipo, haliwezi kukosekana,
ila lilifundishwa wiki ile
ambayo yeye alikuwa juu ya lori la kurudi kwao,
redio mapajani,
timu yake imefungwa mawili bila.

Nabonyeza tena.
"Usiseme kwa sauti," mama ananiambia. "Hesabu tu."
Kumi na nane.